Wakija na Vifaru, Tuombe Nini?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wao wa kila miezi mitatu. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, tukifupisha mahali pachache.)

 

Mtakumbuka mkutano uliopita, tulipokuwa tumemaliza hesabu za asali na watu wameanza kutafuta viatu vyao, mama mmoja wa kikundi cha shanga alisimama mwisho kabisa. Alisema hivi: "Mwalimu, huko kwetu twasikia uwanja wa mazoezi ya jeshi utapanuliwa. Wakija na vifaru, sisi tuombe nini?" Kabla sijafungua kinywa, watu kama watano walimjibu kwa sauti moja: Fidia!

Siku ile mimi sikuwa na jibu. Lakini nilirudi nyumbani na neno hilo fidia likinisumbua, kwa sababu fidia hulipwa wakati kitu kimekwisha haribika. Yule mama hakuuliza tulipwe nini. Aliuliza tuombe nini, na wao ndio kwanza wanakuja. Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na leo nataka tukae na lile la kwake.

Hata hivyo tuanze na hiyo fidia, maana tumeiona hapa hapa Kenya. Kwa miaka mingi askari wetu na askari wa Uingereza wamefanya mazoezi katika viwanja vya Archers Post na Dol Dol. Mabomu mengine hayakulipuka siku yaliporushwa. Yalibaki kwenye nyasi, na wachungaji, wengine watoto wadogo, wakayaokota. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa au waliofiwa. Pesa zilikuja, ndiyo. Mguu haukuja.

Halafu kuna Lolldaiga, Laikipia. Mwezi wa Machi 2021, wakati wa mazoezi ya askari wa Uingereza, moto ulichoma maelfu ya ekari. Chanzo, kwa maelezo ya jeshi lenyewe, kilikuwa jiko dogo la kambini lililopinduka. Hebu fikirini: si kombora, ni jiko! Watu wakaenda mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikataa hoja kwamba jeshi la nje haliwezi kushtakiwa hapa, na hilo lilikuwa jambo kubwa sana kwetu sote. Mwaka 2025 kesi iliisha kwa mapatano: paundi milioni 2.9, kwa walalamishi 7,723. Mwenye kalamu agawanye. Tukigawa sawa, haifiki paundi 400 kwa mtu, yaani kama shilingi 65,000, baada ya miaka 4 ya kupanda na kushuka. Siwadharau waliolipwa wala mawakili wao, walifanya kazi. Nasema tu kwamba mtu mmoja angeuliza mapema, "Jiko mtaliweka wapi wakati wa kiangazi?", swali hilo lisingemgharimu hata nauli.

Sasa, ili tujue la kuuliza, yatupasa kujua kwanza hivyo vifaru vinakuja na nini. Wengi wetu tukisikia kifaru twafikiria mzinga, na simaanishi mzinga wa nyuki. Kuna mzee mmoja, jirani yangu, ambaye alikuwa fundi wa magari jeshini mpaka akastaafu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, watu waliogopa mzinga. Mimi niliogopa lori la mafuta." Akanieleza, na tangu siku hiyo nimesoma zaidi, nikaona mzee alisema kweli.

Chukua kifaru cha Marekani kinachoitwa Abrams. Uzito wake ni tani 60 na zaidi. Lori kubwa kabisa linaloruhusiwa kwenye barabara zetu likijazwa mzigo halifiki hapo. Kwa hiyo kifaru hakitembezwi ovyo barabarani, kwa sababu kitaharibu barabara na kujiharibu chenyewe. Hubebwa na gari-moshi au na trela maalum. Kabla zoezi lolote halijafanyika, ni lazima mtu aketi mezani na kupanga: treni itashusha wapi, daraja gani litavumilia, barabara gani ya changarawe itatengenezwa, na hiyo changarawe itachimbwa kwa nani.

Tangi la mafuta la kifaru hicho huingia lita kama 1,900. Tutumie kipimo chetu, mtungi wa lita 20. Ni mitungi 95 kwa kifaru kimoja. Jeshi halileti kimoja. Kikosi kikubwa cha vifaru, kile wanachokiita brigedi, huwa na zaidi ya 80. Hiyo ni mitungi 7,600 kuvijaza mara moja tu, na havitembei sana kabla ya kutaka tena. Mafuta hayo hukaa mahali. Humiminwa kwa mipira kutoka gari hadi gari, mara nyingi gizani, na vijana waliochoka. Kila mmoja wetu aliyewahi kumimina mafuta ya taa kwenye taa usiku ajua hutokea nini. Sasa mahali hapo pakiwa juu ya lugga, au hatua mia mbili kutoka kisimani, si lazima nimalize maneno.

Halafu maji. Askari wataka maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga. Na magari yenyewe huoshwa, tena kwa sababu nzuri: tope lililoganda kwenye minyororo hubeba mbegu za magugu kutoka mahali hadi mahali. Sisi tuliokula hasara ya mathenge hatuhitaji kufundishwa mbegu moja yaweza kufanya nini. Viwanja vizuri vya mazoezi huwa na mahali pa kuoshea ambapo maji husafishwa na kutumiwa tena. Viwanja vibaya huosha mtoni.

Na udongo. Hapa niombe mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili halionekani kwa macho siku ile ile. Kifaru kikienda moja kwa moja kwenye ardhi kavu chaweza kupita na kuacha alama kidogo. Ni kikigeuka ndipo huumiza. Mnyororo mmoja husimama, mwingine husukuma, na nyasi hung'olewa pamoja na mizizi. Ardhi ikiwa imelowa, huacha mifereji. Mvua inayofuata hukuta mifereji imeshachimbwa, hushuka nayo, na baada ya misimu michache mna korongo. Na pale ambapo udongo umekandamizwa, maji hayazami tena. Waweza kuona nyasi zimeota juu ukadhani pamepona, kumbe chini ni sakafu.

Mwaka 1942, wakati wa vita vile vikuu, Jenerali Patton wa Marekani alifungua uwanja wa kuwafunza askari wa vifaru katika jangwa la California na Arizona. Ulifungwa 1944. Wanaokwenda huko siku hizi bado waona alama za minyororo ya vifaru vile juu ya ardhi. Ni zaidi ya miaka 80. Nchi kavu haisahau upesi, na yetu ni nchi kavu.

Nisiache viwanda, ijapokuwa sisi hatuna kiwanda cha vifaru. Vile vya Abrams huundwa mji wa Lima, jimbo la Ohio, na vinapochakaa hupelekwa Anniston, jimbo la Alabama, hufunguliwa na kutengenezwa upya. Kazi hiyo hutumia dawa kali za kuondolea grisi na rangi. Kwa miaka mingi huko Anniston mabaki yake yalitupwa kwenye mashimo na mabwawa ya taka ndani ya kambi. Yalizama mpaka yakafikia maji ya chini ya ardhi. Mwaka 1989 sehemu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali palipochafuliwa vibaya zaidi, na chembe za dawa hiyo zimepatikana hata katika chemchemi ya Coldwater, ambayo ndiyo huwapa watu wa mji maji. Mmeona? Hakuna vita vilivyopiganwa Anniston, wala bomu halikulipuka. Ni grisi tu, na shimo lililochimbwa bila mtu kuuliza.

Haya. Sasa niwapeleke kwa wafugaji wenzetu wa Colorado, Marekani. Siwapeleki kwa sababu huko ni bora kuliko hapa. Nawapeleka kwa sababu swali la yule mama waliulizwa mara mbili: mara ya kwanza walishindwa, mara ya pili hawakushindwa.

Kuna kambi kubwa huko iitwayo Fort Carson, ekari kama 137,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilisema nafasi haitoshi kwa vifaru, likatafuta ardhi nyingine kusini yake, mahali panapoitwa Piñon Canyon. Ni nchi ya majani mafupi na miti ya kukauka, watu wa hapo huishi kwa ng'ombe. Jeshi lilichukua zaidi ya ekari 235,000. Wengine waliuza kwa hiari. Wengine walikataa, wakapelekwa mahakamani, na ardhi ikachukuliwa kwa nguvu ya sheria. Walilipwa fidia. Msifikiri ni nchi za watu maskini tu ambako mzee huamka akaambiwa boma lake si lake.

Jambo moja lapasa kusemwa kwa haki. Wapangaji wa jeshi waliandika mambo ya maana katika mpango wao wa kwanza. Waliandika kwamba ardhi ile haiwezi kukanyagwa mwaka mzima, na kwamba sehemu ziachwe zipumzike kati ya zoezi na zoezi. Ukisoma hivyo waona ni kama sisi tunavyotenga malisho ya ndama: hapa leo, pale tusiguse mpaka mvua mbili zipite. Majeshi yana wataalamu wa udongo na nyasi, na kazi yao yote ni hiyo ya kuziba mifereji, kupanda majani na kujenga vivuko vya mawe mitoni ili magari yasivunje kingo. Najua wengine hapa mtashangaa. Mimi pia nilishangaa. Nilidhani watu wa vifaru hawajui nyasi.

Tatizo lilikuja baadaye. Miaka zaidi ya 20 ikapita, vita vikawa vingi, na jeshi likataka kuongeza mambo mawili kwa mpigo: kupanua uwanja kwa ekari kama 418,000 nyingine, na kuutumia ule wa zamani kwa wingi zaidi. Hapo wafugaji wa Colorado walifanya tofauti na wazazi wao. Waliweka mabango kwenye ua za mashamba kusema ardhi haiuzwi kwa jeshi, sawa, lakini mabango si kitu. Kazi ilikuwa usiku, mezani. Walizisoma karatasi za jeshi. Walitafuta ile ahadi ya zamani ya kupumzisha ardhi, wakaiweka kando ya mpango mpya, wakauliza: kama mwaka 1980 na kitu mlisema nchi hii haivumilii mazoezi ya mfululizo, imepata nguvu lini?

Mwishoni mwa 2007 Bunge la Marekani lilikataza pesa za bajeti zisitumiwe kwa upanuzi huo. Mwezi wa Septemba 2009 jaji alitupilia mbali uamuzi wa jeshi wa kuongeza mazoezi katika uwanja ule wa zamani, kwa sababu utafiti wao wa mazingira haukueleza vya kutosha ardhi itahimili vipi. Na mwaka 2013 jeshi lenyewe liliacha mpango wa kupanua. Wale wa mwanzo hawakurudishiwa chochote, lazima niseme hivyo. Ekari zile 235,000 zilibaki mikononi mwa jeshi. Lakini majirani wao, waliokuwa wafuatao kwenye foleni, wako kwao na ng'ombe wao.

Nimefikiri sana walishinda kwa nini. Wengine watasema ni kwa sababu ni Marekani, na wana mawakili. Huenda. Lakini wazazi wao nao walikuwa Marekani, mawakili nao walikuwepo, na sheria inayotaka utafiti wa mazingira ufanywe kabla ya mradi ilikuwa imekwisha pitishwa, tangu 1970. Tofauti niionayo mimi ni kwamba mara ya pili watu waliingia katika jambo lile likiwa bado ni karatasi.

Hapa kuna kisa kingine ambacho karibu nikiruke, kwa sababu chavuruga hadithi yangu nzuri. Wakati huo huo jeshi la Marekani lilikuwa linapeleka magari mengine ya deraya visiwani Hawaii. Haya huitwa Stryker, yana magurudumu 8 badala ya minyororo, ni mepesi kuliko vifaru lakini ni tani karibu 20. Wenyeji wa Hawaii walishtaki. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ilisema jeshi limevunja sheria, kwa nini? Kwa sababu lilikuwa limekwisha chagua Hawaii, halafu ndipo likafanya utafiti, na halikutazama sawasawa kama mahali pengine pangefaa. Ni kama mtu anayekuja kuomba shauri la mahali pa kuchimba choo, na choo kimekwisha chimbwa.

Basi jeshi likaambiwa litazame kwingine. Na je, kwingine kulikuwa wapi? Mojawapo lilikuwa Fort Carson, pamoja na Piñon Canyon! Yaani ushindi wa watu wa visiwani uliwagongea mlango wale wale wafugaji wa Colorado. Nilipoona hilo nilifunga kitabu kidogo. Sisi hupenda kusema "wapeleke mahali pengine", na hatuongezi kwamba mahali pengine pana mama mwingine wa shanga. Sijui kulijibu jambo hilo vizuri, nawaachia mlibebe nami.

Mwaka 2008, baada ya utafiti mpya, jeshi lilichagua Hawaii tena. Kwa hiyo kesi ilishinda, na magari yakabaki pale pale. Wako wanaosema basi kesi haikuwa na maana. Mimi sikubali. Kazi ya pili ilifanywa hadharani, kila mtu akaona mahali patatu pakipimwa kwa kipimo kimoja, na hilo watu wa mwanzo walinyimwa. Lakini sitawadanganya: kuuliza si kushinda. Na mwaka 2016 magari yenyewe yaliondolewa visiwani, jeshi likiwa limebadilisha mipango yake. Barabara na viwanja vilivyojengwa kwa ajili yake havikupakiwa melini.

Turudi nyumbani. Je, sisi tuna sheria kama hiyo? Tunayo, na wengi hapa mwaijua kwa sababu ya machimbo ya mawe na visima. Sheria ya mazingira ya 1999 yataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na NEMA ndiyo husimamia. Kanuni za 2003 zasema wananchi waarifiwe kwa mabango, kwa gazeti na kwa redio, na mikutano ya hadhara isipungue mitatu. Katiba ya 2010 imeongeza nguvu: haki ya mazingira safi, haki ya kupewa habari, na wananchi kushirikishwa. Ardhi ya jamii nayo ina sheria yake ya 2016. Vitabu vipo. Kilichopungua ni macho.

Na hapa nitajisema mwenyewe, kwa sababu si vizuri kuwasema wengine tu.

Nilipoanza kazi hii, bado kijana, diploma yangu ikiwa haijakauka wino, kampuni moja ilikuja kutengeneza barabara katika lokesheni niliyokuwa nikihudumu. Tangazo lilibandikwa nje ya ofisi ya chifu, kwa Kiingereza, karatasi nyingi zimebanwa pamoja. Nilisimama, nikasoma ukurasa wa kwanza. Ilikuwa karibu saa sita, jua kali, na nilikuwa na semina ya kuku saa nane. Nikajiambia barabara ni maendeleo, nani atapinga barabara? Nikaenda kwenye kuku wangu.

Ukurasa wa tisa, niliousoma miaka miwili baadaye, ulikuwa na ramani. Ramani ilionyesha changarawe itachimbwa wapi: mashimo matatu, moja likiwa juu kidogo ya silanga ya kijiji. Barabara ilikamilika, ni nzuri, hata leo naipita. Mashimo hayakufukiwa. Mvua zilipokuja yakajaa, kingo zikaporomoka, na tope likashuka lote kwenye silanga. Mwaka uliofuata silanga ilishika maji wiki chache tu. Katika lile shimo la juu ndama wanne walizama siku moja, na kijana aliyeingia kuwaokoa alitolewa na wenzake akiwa hana fahamu. Yu hai, ashukuriwe Mungu. Tulipoandika barua, ofisi ilijibu kwa heshima kabisa kwamba muda wa kutoa maoni ulikuwa umekwisha, na kwamba hakuna maoni yoyote yaliyopokelewa kutoka lokesheni yetu. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeandika. Mimi niliyejua kusoma nilikuwa nimesimama mbele ya karatasi hiyo nikiwa na kalamu mfukoni.

Kwa hiyo mama yangu wa shanga, nakujibu sasa, kwa kuchelewa.

Wakija, waombe karatasi kabla hujaomba pesa. Uliza mahali gani pengine palitazamwa, na kwa nini palikataliwa. Wakisema hapakutazamwa kwingine, andika jibu hilo na tarehe. Uliza ardhi itapumzika lini, miezi gani, na ni nani atakayesema "leo imenyesha, magari yasitoke". Hilo la mvua ulishike sana, kwa sababu kamanda ana ratiba yake na mvua haimo. Uliza mafuta yatakaa wapi na kuna nini chini yake. Uliza maji watayatoa wapi, wasije wakakupa jibu la "tutatumia vyanzo vilivyopo", kwa maana vyanzo vilivyopo ni wewe. Uliza changarawe. Jamani, ulizeni changarawe! Uliza baada ya zoezi ni nani atatembea uwanja mzima kuokota mabomu ambayo hayakulipuka, siku ngapi, na kama mchungaji wenu mmoja anayejua njia atakwenda nao. Halafu uliza ahadi hizo zimeandikwa ukurasa wa ngapi. Ile iliyosemwa barazani tu, ikapigiwa makofi, huondoka na yule afisa siku anapohamishwa.

Na fidia? Iwekwe humo humo, mwishoni, na kiasi chake. Siikatazi. Kama ng'ombe atakufa, tujue mapema bei yake na nani atapokea simu.

Mtaniambia, haya ni mambo ya wasomi, sisi hatujui Kiingereza cha namna hiyo. Nawajibu kwamba kikundi chenu kimewahi kusoma mkataba wa benki mpaka mkapata ile riba iliyofichwa, mkampigia meneja kelele. Ni macho yale yale. Wala msimwachie mtu mmoja, hata awe mimi, mmeshaona nilivyofanya. Wazee wanaojua lugga inapita wapi wakae na kijana aliyemaliza fomu foo, yeye asome na wao waonyeshe kwenye ramani kwa kidole. Kina mama wawepo, kwa sababu ni wao wachotao maji, na nimeona ramani nyingi zilizochorwa na wanaume ambazo kisima hakimo.

Swali moja liliulizwa hapa nje asubuhi, kwamba je, kuuliza hivi si kulipinga jeshi? Hapana. Vijana wetu wamo jeshini, na mipaka yetu inalindwa na watu waliofunzwa mahali fulani. Mahali hapo ni lazima pawepo. Yule jirani yangu fundi, mwanajeshi wa miaka mingi, ndiye aliyenifundisha nusu ya maswali haya, na alisema hakuna kitu kilichowaudhi wao wenyewe kama kupiga kambi mahali palipopangwa vibaya, magari yakazama matopeni siku tatu.

Basi, tunao ofisini nakala ya tathmini moja ya mazingira, si ya jeshi, ni ya mradi wa kisima, kurasa 64. Jumanne ijayo baada ya soko kufungwa tutaisoma kwa pamoja kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, tuanze na ramani. Kila kikundi kilete watu watatu: mzee mmoja, mama mmoja na kijana mmoja. Chai ipo. Kalamu kila mtu aje na yake.